Mbudya: kiingilio ninacholipa kwa moyo mweupe

Wakazi wengi wa Dar tunakijua kisiwa cha Mbudya kwa samaki wa kukaanga na vibanda vya makuti. Mimi nawapeleka wageni wangu pale kwa jambo jingine: ni mali ya umma, kuanzia mchanga hadi matumbawe, na inatunzwa.

Kisiwa hiki, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu, yaani sehemu za bahari zinazolindwa, mwaka 1975. Sheria ya 1994 ndiyo iliyoleta Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kinachovisimamia. Kuvua samaki ni marufuku. Tozo ya hifadhi ni mbali na nauli ya boti, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Dai risiti yako.

Mara hii nilikwenda na wifi yangu kutokea Kunduchi, tukavalishwa jaketi okozi. Samaki wetu, changu, alikuwa mtamu, ngozi imekauka, mnofu bado una maji yake. Chipsi za kawaida tu. Patana bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta.

Maji yalipokupwa, kijana mmoja akainua kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, apige naye picha. Nahodha wetu, mtu mzima, akamwita bila ukali: "Mwanangu, mrudishe huyo. Hapa hakitoki kitu, hata ganda la kombe." Kijana akainama, akamlaza taratibu, vijimguu vya tumboni bado vinachezacheza. Mbele kidogo samaki aina ya pono walikuwa wanaguguna matumbawe. Ukizamisha kichwa unawasikia kabisa.

Ndiyo maana inaniuma nikirudi bara. Kuna ufukwe mmoja, jina naliacha, ambako ukuta umesogezwa mpaka maji yanapojaa, nasi waenda kwa miguu hungoja bahari ikupwe ndipo tupite. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni! Kama kisiwa kinalindwa mpaka kombe lake, pwani ya mjini nayo inastahili mtu wa kuisemea.

Mbudya naipa nyota tano. Nendeni katikati ya wiki, Jumapili hapakaliki. Chukueni miwani ya kuzamia kama mnayo, maji ya kunywa ya kutosha na mfuko wa kurudishia taka, halafu mkubaliane na nahodha saa ya kuwafuata kabla hajageuza boti.