Matandazo ya sungura hapa Mtwara: kiroba cha dukani, maranda ya fundi na nyasi za shambani

Watu wakiona banda langu huuliza sungura wanakula nini. Wanalalia nini, hakuna anayeuliza, na mimi naona hapo ndipo pesa nyingi na wanyama wengi hupotelea. Naishi Chikongola, Mtwara mjini. Nafuga sungura wachache wa kukaa nao, si wa nyama, pamoja na simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya, alioniletea wifi yangu kutoka Mbeya, ambako watu huwafuga humo humo jikoni. Haya ni maoni yangu juu ya matandazo niliyotumia, mengine ya kununua, mengine ya kuokota.

Naanza na kiroba cha dukani kwa sababu ndicho chenye bei. Ni punje za karatasi iliyosagwa ikagandamizwa, kilo 5, niliagiza Dar kwa zaidi ya 30,000, na hapo bado sijalipia mzigo wa basi. Kilisafiri zaidi ya kilomita 500 kwenye buti, na kwa kuwa abiria hawapiti Mingoyo bila kununua samaki wa kukaanga, kilifika kikinukia samaki.

Zinanyonya kweli. Punje ikiguswa na mkojo huvimba, ikalainika, ikawa uji mzito, na harufu hukawia kuanza kusikika. Vumbi hamna. Kwa simbilisi hilo ni jambo kubwa, maana vifua vyao ni vyepesi kuugua. Kasoro yake ni ugumu. Sungura hana nyama laini chini ya nyayo kama paka au mbwa. Anakanyagia manyoya tu. Akiwa mzito na akashinda juu ya punje ngumu, au juu ya waya mtupu kama tunavyoona kwenye mabanda mengi, manyoya ya kisigino hukatika, ngozi inakuwa nyekundu, kisha kidonda. Na kidonda cha pale hakiponi upesi, kwa sababu hana namna ya kuacha kukikalia.

Kiroba cha pili, muuzaji yuleyule, kikaja kimetiwa manukato ya lavenda. Kwenye picha aliyonitumia WhatsApp maandishi hayo hayakuonekana. Nilipomuuliza akajibu, "Wateja wengi wanaipenda hiyo, dada." Sawa, wateja wanaipenda. Ila manukato hufunika harufu ya amonia kwenye pua ya mwenye nyumba tu; amonia yenyewe ipo palepale na mnyama anaivuta, pamoja na hayo manukato. Mkojo ukikaa, bakteria huuvunja na kutoa amonia, nayo hukwangua njia ya hewa mpaka vijidudu kama Pasteurella, ambavyo sungura wengi huwa navyo puani bila kuumwa, vinapata nafasi. Utaona chafya, halafu kamasi nyeupe. Geuza miguu ya mbele uitazame kwa ndani: manyoya yameshikana kama yamepakwa gundi, kwa sababu anafutia pua hapo. Wengine husema ni mafua tu yatapita. Hayapiti yenyewe, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mimi hupima hivi: asubuhi kabla sijafungua banda nachuchumaa mpaka pua yangu iwe usawa wa sakafu. Macho yakiwasha, kazi ya kusafisha imechelewa, hata kama nikisimama wima sisikii kitu.

Kiroba cha karatasi bila manukato nakipa nyota tatu kati ya tano. Ni kizuri, ila bei yake si ya huku. Na muuzaji akikosa hicho akakushawishi uchukue mchanga wa paka, ule unaoganda ukilowa, kataa kabisa. Sungura hutafuna kila kitu na hana uwezo wa kutapika. Kinachoganda kwenye beseni kinaweza kuganda na tumboni.

Sasa maranda. Hapa ndipo pana maneno mengi, kwa sababu kila mtaa una fundi seremala na kila fundi anayagawa bure. Nilikwenda kwa mmoja anayetengeneza milango na vitanda.

"Fundi, haya ni ya mbao gani?"

"Mchanganyiko tu, dada. Chukua, mimi nayachoma."

"Za dawa zimo?"

"Zimo. Ile kenchi ya jana, kijani chote kile ni dawa."

Ule ukijani mara nyingi ni wa shaba, nayo huambatana na kromiamu na aseniki, zilizosukumwa ndani ya ubao ili mchwa wasile paa lako. Vitu hivyo kwa mnyama anayelalia maranda na kuyatafuna ni sumu. Rundo la mchanganyiko kwa hiyo halifai hata likiwa la bure, na huwezi kuyachambua maana yakikauka rangi hupauka. MDF nayo, ile ya makabati ya jikoni, vumbi lake limejaa gundi yenye formaldehaidi. Mpingo, mvule na mninga ni mbao za heshima, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Muulize mchonga vinyago yeyote wa Kimakonde.

Inabaki msindano usiotiwa dawa. Nao una utomvu, na ile harufu tunayoipenda ya ubao mpya inatokana na kemikali ambazo mnyama mdogo akizivuta kila siku humchosha ini. Wenzetu wa nje hukaushia mbao kwenye tanuri, na hapo kemikali hizo hupungua sana. Mimi huyatandaza juu ya bati juani, nayageuza, mpaka nikinusa gao moja nisikie ukavu tu. Hayawi sawa na ya tanuri, ndiyo maana huyaweka kwenye kona ya choo na si mahali pa kulala. Maranda ya mwerezi, hata uyakute kwenye mfuko mzuri wenye picha ya hamsta, yaache dukani.

Jambo jingine watu hulichanganya: maranda ni yale yanayotoka kwenye randa, mapana, yaliyojikunja. Unga wa msumeno ni kitu kingine. Unga ule hupanda kila sungura akirukaruka, huingia machoni, na ukilowa unashikana kama udongo. Nikipewa gunia nachukua kiasi, nakisugulia kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikibaki na rangi, gunia linarudi.

Fundi yule tumeelewana. Akiranda msindano mkavu usio na dawa ananitengea kiroba cha peke yake kabla hajagusa mbao nyingine, nami nampa 2,000 na soda. Kwa huduma, yeye ana nyota tano.

Jirani mmoja, mtu mwema sana, aliwahi kuniambia, "Mama, unahangaika na maranda, maganda ya korosho yamejaa huko viwandani." Mtwara nzima inajua maganda hayo, lakini wanaobangua ndio wanaoyajua vizuri. Kati ya tabaka za ganda mna mafuta yanayobabua ngozi. Wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya nyonyo mikononi ili yasiwaunguze. Sungura hana glavu. Maganda hayo ni ya kuni, na hata moshi wake sitaki uingie bandani.

Korosho inatugusa na kwa upande mwingine ambao mtu wa Dar hawezi kuuwaza. Katikati ya mwaka mikorosho ikitoa maua, wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nyasi za chini ya mikorosho zinakuwa na poda ya njano mpaka kwenye shina. Msimu huo sikati nyasi shambani kwa mtu, hata akinikaribisha. Nakata pembeni mwa bonde, mbali na mikorosho, na bado napitisha kiganja juu yake kuona kama kitatoka na unga.

Maganda ya karanga pia watu huyasifia kwa wepesi wake. Mimi siyaamini, kwa sababu hatujui yalikaa kwenye unyevu kiasi gani, na ukungu wa karanga ndio unaoleta sumukuvu. Hiyo sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Sungura mwenye kilo 2 atahimili nini? Makapi ya mpunga nayo yanapatikana kwenye mashine za kukoboa, bei ndogo, ila hayanyonyi mkojo vizuri na yana vumbi kali. Kuku wa jirani wanaendelea nayo vizuri. Waachiwe kuku.

Nyasi kavu ndizo naziweka mahali pa kulala, na kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja ningebaki nazo. Sungura anahitaji kula nyasi karibu kutwa nzima ili tumbo lisisimame na meno, ambayo hayaachi kukua, yasagike. Kitanda chake kikiwa nyasi, anachotafuna hakimdhuru. Udhaifu wake ni kwamba hazinyonyi. Kwa hiyo chini naweka boksi la katoni lililotolewa karatasi ya gundi na pini zote, juu yake nyasi nene. Kuzikausha huku pwani ni kazi: zikianikwa zikiwa nene zinapata uvundo kwa ndani huku juu zimekauka. Vunja ubua mmoja. Ukikunjika bila kukatika, rudisha juani.

Kwa wale wenye banda la waya, msivunje banda. Wekeni kipande cha jamvi kuukuu lisilotiwa rangi kwenye nusu ya sakafu, mnyama apate pa kupumzishia miguu. Atalitafuna, ndiyo, ni miyaa tu. Yale yenye rangi za kupendeza msiyaweke.

Jike mwenye mimba, inayochukua kama siku 31, mpe kasha lenye nyasi laini siku chache kabla. Atajinyofoa manyoya mwenyewe afunike watoto, wanaozaliwa uchi na vipofu. Usimsaidie kwa pamba, nyuzi za nguo wala usumba wa nazi. Nyuzi ndefu hujisokota kwenye mguu wa kitoto na kuukatia damu, na ukija kugundua mguu umeshakuwa mweusi. Usumba niliutumia upande wa choo tu, ule uliosagika ukawa vumbi zito, na kwa kunyonya hauna mpinzani, ila unachafua manyoya meupe mpaka aibu mbele ya wageni.

Simbilisi nawatandikia karatasi na nyasi basi, na hawakai banda moja na sungura. Sungura anaweza kubeba bakteria aitwaye Bordetella bila dalili na kumwambukiza simbilisi, kwake ikawa homa ya mapafu.

Kuhusu gharama: sungura akishachagua kona yake ya kukojolea, haihami ovyo. Weka beseni pana hapo, maranda ndani, nyasi kidogo juu. Unabadilisha beseni kila siku na banda lote unalisafisha kwa nafasi. Ule ukoko mweupe unaobaki kwenye beseni ni kalsiamu ya mkojo wake, unatoka kwa siki. Usihangaike na sabuni ya unga. Matandazo yaliyotumika yanakwenda kwenye mbolea, mchicha wangu unajua. Wakati wa joto la kaskazi usiruhusu yalale yamelowa hata usiku mmoja: inzi hutaga kwenye manyoya machafu ya nyuma, na mabuu yakishaingia kwenye ngozi mnyama hufa upesi.

Maranda ya kutosha yachukuliwe kabla ya Novemba. Mvua zikianza mafundi wengi wanayarundika nje, yanalowa, na fundi yuleyule aliyekuwa anakubembeleza uyaondoe atakuambia hana makavu mpaka Mei.