Albamu ya Ayub Ogada, na nguo zangu kwenye kamba

Mume wangu alipoondoka kwenda Doha Januari aliniachia ufunguo wa sanduku la vyombo vyake vya useremala, na albamu hii kwenye simu. Sanduku sijalifungua. Albamu nimeisikiliza mpaka najua mahali mwimbaji anapovuta pumzi.

Inaitwa En Mana Kuoyo, albamu ya kwanza ya Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya, ilitoka 1993. Watu wengi wa rika langu wanamjua Ogada kwa wimbo mmoja tu, Kothbiro, na hata huo waliuokota kwenye filamu. Nawaomba waisikilize yote. Huyu bwana alibeba nyatiti yake, kinubi cha Wajaluo, hadi London, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, wapita njia wakimtupia senti, kabla ya kurekodi nyimbo hizi hukohuko Uingereza. Ukishajua hivyo, wimbo kama Dala, maana yake nyumbani, unakuingia kwa njia nyingine kabisa. Ni wa mtu aliyeonja ugeni.

Ogada anaimba kwa Kijaluo, na mimi ni Mkamba. Kijaluo changu ni cha jikoni kwa mama mkwe. Lakini koth ni mvua, biro ni inakuja, na hapo nimeshaupata wimbo. Anamwita Auma, anamwambia mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi. Kwangu mimi huo ni wimbo wa mapenzi, na sijali nani atanibishia. Mume wangu si mtu wa maneno matamu. Jioni hunipigia kutoka huko jangwani akaniuliza, "Mama watoto, nimeona Nairobi kutanyesha, umeanua nguo?" Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nikikata simu nabaki nimeishika tu.

Nyatiti ina nyuzi nane. Niliwahi kumtazama mpigaji pale Bomas, kituo cha utamaduni cha Nairobi, ameketi kwenye kigoda kifupi karibu agusane na sakafu, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye mti wa chombo huku vidole vya mikono vikikimbia. Mtu mmoja, kazi ya watu watatu. Nikisikiliza albamu nauona ule mguu. Sauti ya Ogada yenyewe haina papara, haipandi juu kutafuta makofi, na kila uzi unasikika ukitetemeka hadi unyamaze.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Nyuzi nzito zinapotea zote, unabaki na kelele nyembamba kama ya bati. Tafuta vya kuweka masikioni, hata vile vya bei nafuu vya barabarani. Mimi huvivaa kwenye matatu ya Buruburu, jioni, mvua ikiwa imetufungia pale City Stadium na madirisha yamejaa ukungu. Hapo hata foleni ya Jogoo Road inavumilika.

Nyimbo zote hazinishiki sawa. Kuna ambazo vyombo vingine vinaongezeka, na mimi nishazoea kuwa peke yangu na nyatiti, naziruka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye simu unapata majina ya nyimbo tu, bila neno lolote la kukueleza zinasema nini. Asiye na mama mkwe Mjaluo ataambulia nini? Ogada alifariki 2019, hatuwezi kumwuliza. Ningefurahi sana kuona mtu akiandika maana zake kwa Kiswahili.

Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, kwa hiyo Jumapili usiku, watoto wakishalala, tunapigiana na kuweka Kothbiro pamoja. Tunahesabu moja, mbili, tatu, kila mtu anabonyeza yake. Wiki iliyopita alichelewa kidogo. Nikamsikia Auma akiitwa kwangu, kisha akiitwa tena kule kwake.