Kabureta mpya ya 34 PICT-3 kwenye Beetle ya 1971: uzoefu wangu Nakuru na Kisumu

Beetle hili la Volkswagen, la injini ya sisi 1600, aliniachia baba. Kabureta yake ya zamani, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imelegea kwenye mhimili wa kipepeo, kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, hewa ikijipenyeza pembeni, na ugonjwa huo hauponi kwa kuoshwa petroli. Nikanunua mpya, aina ya 34 PICT-3, kwa shilingi 17,000.

Wiki ya kwanza nilijuta. Lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini nikipanda kuelekea Milimani linatoa moshi mweusi na kuvuta kwa shida. Plagi zilikuwa nyeusi tititi, masizi makavu yanayopaka vidole kama sufuria ya jiko la kuni.

Fundi akaniambia, "Mwalimu, kabureta haina shida. Jeti ndiyo ya Mombasa, na hapa ni Nakuru." Akafungua boliti ya kando ya bakuli la petroli la kabureta, akaingiza bisibisi ndefu, akatoa jeti yenyewe, kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, chenye tundu la kupitishia petroli. Kimeandikwa 127.5, yaani tundu la milimita 1.275. Pwani hiyo ni sawa. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo tundu lile lile linamwaga petroli kupita kiasi.

Akaweka 120. Mjini gari likawa jepesi ajabu, nikafurahi mapema. Nilipokwenda Kisumu kumwona dada yangu, Kericho nilipita salama, lakini baada ya Awasi, joto la Ahero likiwa limepanda, injini ikaanza kugonga kila nikikanyaga. Nikasimama. Harufu ya oili moto ilinipokea nilipofungua boneti ya nyuma, na plagi niliyotoa ilikuwa nyeupe kama chaki. Kisumu ni kama mita 1,130 tu. Hewa ni nzito zaidi, na 120 haikutosha. Injini hii haina maji. Petroli yenyewe husaidia kuipoza, na ikipungua, pistoni huweza kuyeyuka. Nilirudi polepole, moyo mkononi.

Sasa nina 125. Plagi ni rangi ya biskuti nikiwa Kisumu, nyeusi kidogo nikiwa Nakuru, na nimekubali kulipia tofauti hiyo ya mafuta. Anayebaki Nakuru tu achukue 122.5.

Kwenye kurekebisha sailensa, yaani mwendo wa injini usipokanyaga mafuta, msichezee skrubu ya mkono wa kipepeo, mafundi wengi huharibu hapo. Skrubu ndogo ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi ikome, uirudishe mizunguko miwili na nusu, kisha mwendo wa injini urekebishe kwa ile skrubu kubwa iliyo jirani nayo, hadi mizunguko 850 hivi kwa dakika.

Kabureta yenyewe naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu kwenye boksi hakukuwa na jeti hata moja ya akiba. Za kwangu zilitoka Nairobi kwa basi, nikazingoja siku tisa. Ile 120 bado ninayo, imefungwa kwenye karatasi. Mwenye Beetle kule Molo, ambako ni juu zaidi, itamfaa vizuri, nitampa bure.