Kulipia mavuno mapema au kuuza kupitia ghala la pamoja?

Katika njia ya kwanza, ya kulipia mapema, familia humlipa mkulima kabla hajapanda, kisha hupokea kapu lao la mazao kila wiki. Nchini Marekani ilianza mwaka 1986, ingawa Wajapani walikuwa na mpango unaofanana nao tangu miaka ya 1970. Uzuri wake ni kwamba hasara inagawanywa: ukame ukipiga, kapu linapungua kwa wote, na mkulima hakimbilii mkopo wa mbegu. Lakini tuseme kweli, anayeishi kwa kibarua cha kutwa atatoa wapi fedha za msimu mzima? Wasiporuhusiwa kulipa kidogo kidogo, mpango huishia kuwa wa wenye nacho.

Ghala la pamoja hukusanya mazao ya wakulima wengi, huyapanga kwa madaraja na kuyauza kwa shule na hospitali. Mmoja akikosa, mwingine anajaza. Gharama ndizo mzigo: magari, umeme wa majokofu, meneja wa kulipwa.

Mimi ningeanza na ghala pale wakulima wadogo ni wengi na wametawanyika. Malipo ya mapema yanalifaa zaidi shamba moja lililo karibu na walaji wanaomjua mwenye shamba.