Siku nne kijijini Ushongo, baina ya mto Pangani na fungu la Maziwe

Mwezi Julai 2021 mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tulikaa siku nne katika nyumba ya wageni iliyoko kijijini Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, tukiwa tumeichagua kwa kuwa kutoka hapo mtu anaweza kwenda mashambani leo na baharini kesho bila kuhamisha mizigo. Tulilala chini ya paa la makuti, vyandarua vilikuwa vizima, na mama mwenye nyumba alitupikia wali wa nazi kwa changu aliyenunuliwa kwa wavuvi asubuhi ile ile.

Kilichonigusa kuliko yote ni Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, lakini sasa ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa, na kwa sababu hiyo mayai ya kasa yanayotagwa huko yangeharibika yote kama yasingehamishiwa ufukweni Ushongo, ambako hufukiwa upya na kulindwa kwa muda wa miezi miwili hivi mpaka yaanguliwe. Tulibahatika kuwapo siku kiota kimoja kilipofunguka. Binti yangu wa miaka saba aliwafuata kwa macho wale kasa wadogo mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi, kisha akaniuliza kama mama yao anajua walipo.

Anayetaka kufika Maziwe aulize kwanza habari za maji, ndipo apange tarehe ya safari. Sisi tulifika siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, ambapo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo nahodha aling'oa nanga saa mbili na kuturudisha kabla upepo wa kusi haujachafua bahari. Siku za maji mafu, ambazo bahari hupwa kidogo tu, fungu hilo huwa dogo, na anayekwenda bila kuuliza anaweza kurudi na masikitiko.

Bara nako kuna mengi. Tulipita Kikogwe, mahali ulipopandwa mkonge wa kwanza nchini mwaka 1893, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf; kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na nikifikiri jinsi zao hilo lilivyoibadili Tanga yote, hesabu hiyo hunishangaza kila mara. Jioni tulipanda mto Pangani kwa mtumbwi, mikoko ikipungua taratibu na minazi ikichukua nafasi yake.

Kasoro niliyoiona ni moja: bei ya boti tuliyoelezwa kwa simu ilipanda tulipofika, na jambo hilo halikunipendeza hata kidogo. Tunakusudia kurudi wakati wa kaskazi, na bei hiyo nitaitaka kwa maandishi kabla ya kuondoka nyumbani.