Bolti, nati na stadi za magurudumu ya trekta la zamani: anza na zipi, zipi uachane nazo

Watu wengi wenye trekta la miaka ya 50 au 60 wanazunguka wakiulizia "bolti za Massey 35" kama vile bolti inajua imefungwa kwenye trekta gani. Haijui. Bolti ni unene, urefu, thredi (yale meno ya kuzungushia nati) na ugumu wake basi, kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu yeyote bei ng'oa moja iliyo nzima, isugue na brashi ya waya mpaka chuma kionekane, halafu ipime.

Kupima ndo pana mtego. Matrekta mengi ya Marekani na Uingereza ya kipindi hicho yana thredi za inchi, yaani UNF (meno membamba) au UNC (meno mapana), mfumo ambao Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana mwishoni mwa miaka ya 1940. Ya Uingereza ya kabla ya hapo unaweza kukuta Whitworth au BSF, na meno ya hizi yamechongwa kwa pembe ya nyuzi 55 wakati UNF, UNC na za milimita zote ni 60. Sasa cheki hii: bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa kila inchi, ya UNC ina 13. Nati ya moja inaingia kwa mwenzake, inazunguka vizuri raundi mbili tatu, kisha inagoma, na wewe unadhani ni kutu unaenda kutafuta bomba la kurefushia spana. Hapo umeshaua vyote viwili.

Mtego mwingine ni bolti ya inchi 5/8 na M16, yaani ya milimita 16. Inchi 5/8 ni milimita 15.875, kwa macho huwezi kuitofautisha na M16 hata ukivaa miwani. Mimi niliwahi kuuziwa nati za M16 za meno membamba nizifunge kwenye stadi (zile bolti zinazokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu) za 5/8 UNF, muuzaji akasema "zinaingia hizo", na kweli ziliingia, kwa bunduki ya hewa ya kukazia nati, zikatafuna stadi tatu siku hiyohiyo. Tangu hapo natembea na geji ya thredi, vile visahani vyenye meno, unakipachika kwenye bolti unaona kama mwanga unapita au haupiti. Usiende dukani bila hicho kidude.

Ugumu unasomwa kichwani. Mistari mitatu ni gredi 5, mistari sita ni gredi 8, na za milimita zimeandikwa 8.8 au 10.9, ambapo 8.8 inakaribiana na gredi 5 na 10.9 inakaribiana na gredi 8. Kichwa kitupu kisicho na alama yoyote chukulia ni chuma laini. Na usidhani ngumu zaidi ndo bora zaidi, rudishia gredi ileile iliyokuwepo, hasa hizi 12.9 zilizopakwa zinki zinaweza kukatika ghafla bila hata kurefuka kwanza.

Haya, sasa wapi ununue, kwa mpangilio wangu mimi.

Namba moja ni duka linalouza bolti tupu za viwandani na mitambo, sio duka la spea za trekta. Najua wengi watabisha. Lakini kwa zile bolti zinazoshika rimu na diski (lile bati la katikati) ya gurudumu la nyuma, hapa unapata gredi iliyoandikwa, unachagua urefu, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko ileile iliyowekwa kwenye pakiti yenye jina la trekta. Angalia vitu viwili tu. Kwanza shingo: nyingi za rimu zina shingo ya mraba inayokaa kwenye tundu la mraba ili bolti isizunguke ukikaza, ukiweka ya kawaida hapo itazunguka na kula tundu. Pili, ile sehemu laini ya bolti ndo ikae pale mabati mawili yanapokutana, thredi zisiwe hapo katikati, na nati ikishakazwa yabaki meno mawili matatu nje.

Namba mbili ni spea mpya kwa namba yake ya kwenye kitabu cha spea. Hii kwa stadi za habu na nati zake inakuwa namba moja, usiende kule kwa bolti tupu. Stadi ina yale meno ya shingoni ya kukamatia habu, yakiwa madogo kidogo tu stadi inazunguka na nati unakuja kuitoa kwa tindo. Nati nayo ina kitako chake, kuna ya koni, ya duara na bapa, na nati bapa kwenye tundu la koni inashikilia ukingo tu, kesho imelegea. Kwa matrekta yaliyouzwa sana huna shida, Ferguson TE20 peke yake zilitengenezwa zaidi ya laki tano kati ya 1946 na 1956, kwa hiyo bado kuna watu wanatengeneza spea zake.

Namba tatu, skrapu. Hapa nunua klampu na vizuizi vya zile rimu zenye reli za kuongeza upana, maana mpya ni ngumu kupata. Zigonge na nyundo ndogo, yenye ufa inatoa sauti ya kufa. Bolti za skrapu waachie wenyewe, hujui zimeshavutwa kiasi gani.

Namba nne ni mchongaji wa mashine ya lethi. Kwa BSF za saizi za ajabu anaweza kuwa ndo mkombozi wako, ila muulize anachonga chuma gani, nondo laini inatoa thredi nzuri za kupendeza halafu inarefuka kama ubani wa kutafuna.

Mkiani kabisa ni seti za "zinafaa trekta zote". Hapana.

Ukinunua nunua za gurudumu zima, maana moja ikikatika za jirani zilikuwa zimebeba mzigo wake. Kama tairi lina maji ya chumvi ya kalsiamu ya kuongezea uzito kagua zaidi karibu na valvu, huko kutu inakula kimyakimya. Thredi na koni zifunge kavu, labda kama kitabu cha trekta kimesema vingine, grisi inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Fanya kazi saa moja, kaza tena, na jioni rudia.

Ila kabla hujatoa hela pitisha kidole kwenye matundu ya diski. Yakiwa yameshakuwa ya yai, hela ya bolti peleka kwenye diski.