Ubunifu majengo: kufundisha au kukaa saiti?

Kwa kijana wa Mwanza, saiti ina mvuto wake. Mteja ana kiwanja mlimani Igogo, jiwe kubwa limekaa katikati, na hela ya kulipasua hana. Unalifanya jiwe sehemu ya msingi, unapanga mifereji ili maji ya mvua yasimshukie jirani wa chini, unaelewana na fundi palepale. Hiyo kazi ni tamu jamani! Ila malipo huchelewa, na sharti kwanza usajiliwe na bodi ya wabunifu majengo.

Kufundisha chuoni kuna mshahara wa kila mwezi, lakini shahada ya kwanza pekee haitoshi kuwa mhadhiri, na huenda ukahamia Dar es Salaam, kilipo Chuo Kikuu Ardhi.

Mimi ningeanza saiti, darasa lifuate. Anayefundisha ukuta wa kuzuia udongo awe ameusimamia ukijengwa.